Magunia Kumi na Mawili ya Chikichi

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingi, mwanangu, ni ile ambayo reli ilikatwa na maji na treni ya kutoka Kigoma ikakwama kwetu Itigi. Nilikuwa na miaka ishirini hivi. Shule nilikwisha kuiacha darasa la nne. Si kwa kufukuzwa, ila treni ilipita nami nikataka kujua inakwenda wapi.

Kwenye treni ile alishuka bwana shamba mmoja, Bwana Bakari, na magunia kumi na mawili. Kila gunia lilikuwa na chikichi za mti mmoja, na mdomoni limefungwa kibati chenye namba. Alikuwa anayapeleka kwenye shamba la serikali la kuhifadhi mbegu. Miti yenyewe ilikuwa inakatwa kupisha vijiji vipya, naye alitaka kila aina ibaki na kizazi. Lakini chikichi haingoji reli itengenezwe. Ilikuwa imeanza kuoza, na lazima ipimwe: uzito wa mkungu, unene wa nyama, unene wa gamba la kokwa, ukubwa wa kiini.

Akauliza nani anajua kusoma, kuandika na kupima chikichi.

"Mimi, mzee," nikasema. "Nimekulia Kigoma."

Kigoma nilikaa siku mbili, nikala maharage ya mawese. Basi.

Akanipa kisu, rula, mizani na daftari, akaenda kutafuta lori. Gunia la kwanza nililipima kwa haki kabisa. La pili likanichoma miiba, mafuta yakanipanda hadi viwikoni, na nyuki wa Itigi, ambao hawana adabu hata kwa mgeni, wakaja kuangalia. Nikajiambia: mchikichi ni mchikichi. Nikakaa kivulini, nikaandika magunia yote yaliyobaki kwa kufuata lile la kwanza. Hapa na pale sita niliifanya saba, daftari lisichoshe.

Bwana Bakari aliporudi alisoma, akakunja uso.

"Ajabu. Miti ya vilima mbalimbali, yote sawa?"

"Sawa kabisa, mzee. Ni michikichi ya ujamaa."

Watu wakacheka, naye akacheka. Laiti asingecheka! Maana alisema, "Basi kama yote ni sawa, mawili yanatosha. Haya kumi, wananchi, mle kabla hayajaharibika."

Mabalozi wa nyumba kumi wakaitwa, kila mmoja akachukua gunia lake. Kufumba na kufumbua, stesheni ikabaki nyeupe. Akabaki Bibi Martha tu, mama wa balozi mmoja, mgumu wa kuamini kitu asichokijaribu. Aliweka kokwa juu ya jiwe, akaigonga na jiwe jingine, kidogo tu. Ikapasuka kama yai.

"Mjukuu wangu," akaniita, "hizi umeandika gamba lake likoje?"

"Nene, bibi."

"Nene! Mimi sijui kusoma, lakini jiwe langu linajua. Hebu njoo uvunje mwenyewe, msomi."

Bwana Bakari akavunja moja, akavunja ya pili. Akatazama kibati, akatazama daftari, kisha akanitazama mimi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilianzia kivulini ikaishia hatua ishirini mbele. Mwanangu, maisha yangu yote nilipoharibu mambo nilirukia treni. Siku hiyo hata treni haikuwepo.

"Nilipima gunia moja tu," nikasema.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alisema polepole, "Miti hii mingine imeshakatwa. Kilichobaki cha kizazi chake kiko kwenye vyungu vya Itigi."

Nikakimbia. Nyumba hadi nyumba: "Shikamoo mama, naomba usipike!" "Shikamoo baba, tema kokwa!" Mzee mmoja, midomo imeiva kwa mafuta, akanijibu, "Marahaba. Serikali inatoa asubuhi, inanyang'anya mchana?" Akanirushia kokwa moja moja, kwa shabaha nzuri sana.

Magunia manane yalirudi, la Bibi Martha likiwemo. Niliyapima siku mbili, miiba na nyuki juu, na hapakuwa na mawili yaliyofanana. Moja nyama nyingi na kokwa ndogo, jingine gamba gumu kama kwato, jingine kiini kinene. Mawili ya mwisho kati ya yale kumi tuliyakuta yamechemka, na mbegu iliyochemshwa haioti. Yalikuwa na nini ndani? Mimi ninayetaka kujua kila kitu, hilo sitalijua hadi kaburini.

Kwa hiyo nakuambia: vidole havilingani, na wala usiandike kwamba vinalingana kwa sababu umechoka kuvihesabu. Kitu usichokipima, sema hujakipima. Ukikosea, sema chungu kingali baridi, maana mficha uchi hazai. Na mtu asiyejua kusoma akikuuliza swali, mjibu kwa heshima. Huenda ameshika jiwe.

Mungu akupe macho ya kuona tofauti na subira ya kuitunza, mwanangu, na mbegu yako yoyote isife kwa uvivu wa mtu mwingine.