Maziwa Niliyoyamwaga Mlangoni

Ninyi vijana mtakaoyasoma haya, kaeni kwanza. Msinisome mmesimama, mnatafuna, jicho moja liko kwenye simu. Habari yenyewe si ndefu, ila haipendi haraka. Nitaanza na harufu, kwa kuwa ndiyo iliyotangulia kunifikia: harufu ya maziwa yenye moshi. Watu wa ng'ombe wa huku Gisenyi hawakuwa wanatia maziwa katika chombo cha mti mpaka wamekifukiza kwanza kwa majani makavu, moshi ukaingia ndani ya mti wenyewe. Maziwa yake yakawa na harufu ya moto uliozimwa jana. Mtu aliyezaliwa huku akiinusa anasikia njaa. Mimi nilipoinusa mara ya kwanza, nina umri wa miaka minane na nimefika kutoka India wiki tatu tu, niliona kama nimeletewa maji ya kuoshea jiko.

Ilikuwa miaka ya hamsini, enzi za Wabelgiji, msimu wa mvua ndefu. Baba alikuwa ametutangulia kwa miaka, amefungua duka la nguo karibu na soko. Akarudi nyumbani kutuchukua, akangoja mdogo wangu Kanu azaliwe, kisha tukasafiri wanne. Meli, halafu treni, halafu lori lililopanda milima mpaka masikio yakaziba. Mama alikuwa ameambiwa Afrika ni jua kali, basi akafungasha nguo nyepesi peke yake. Tulishuka Gisenyi meno yanagongana. Chini hakukuwa na udongo tuliouzoea bali mawe meusi yenye matundu, yanayokwaruza nyayo. Jioni ya kwanza Mama alifungua dirisha akaona mlima una wekundu juu kama kaa la moto, akaanza kufunga mizigo upya. Baba alimshika mkono akamwambia huo mlima uko hivyo siku zote, na watu wanalala. Mama hakulala. Asubuhi alijaribu kupika mikate yetu kwa unga wa muhogo, maana ngano haikupatikana, ikamvunjikia mkononi kama vigae. Kilichomtuliza ni viazi vya Mudende. Alivitia manjano na pilipili tulizokuja nazo, akala, akasema kwa mara ya kwanza kwamba pengine tutaishi. Mimi nilishinda barazani kwa Fundi Ramadhani, mshonaji aliyeweka cherehani yake mbele ya duka letu. Ndiye aliyenifundisha Kiswahili, neno kwa neno, sindano mdomoni. Wiki tatu zilinitosha kuomba, kukataa na kutukana kidogo.

Shida yetu ilikuwa Kanu. Mama alikuwa amekauka maziwa njiani, sijui ni kwa kutapika melini au kwa hofu. Maziwa ya kopo yaliyopatikana yalimharisha mtoto mpaka macho yakazama. Baba akaulizia, akaelekezwa kwa mama mmoja wa Rugerero, mjane mwenye ng'ombe, jina lake Nyirabahizi. Wakapatana awe anatuletea kila asubuhi. Sasa siku aliyokuja mara ya kwanza, Baba alikuwa amevuka kwenda Goma kununua mali ya duka.

Alikuja mwenyewe, hakutuma mtu. Amejifunga kitambaa cheupe kilichofuliwa, chombo cha mti kichwani, kimefunikwa kwa mfuniko wa ukili wenye ncha kama paa la nyumba ya msonge. Alikuwa mtu mzima, mrefu, anatembea kama anayepeleka kitu msikitini. Mama alimpokea mlangoni na tabasamu, kwa kuwa neno hakuwa nalo. Yule mama akafunua, akakiinua chombo kwa mikono miwili, akanywa funda moja mbele ya macho yetu, akafuta ukingo kwa kiganja, akampa Mama. Na Mama akaganda. Mnielewe: sisi tulilelewa kwamba kitu kilichoguswa na mdomo wa mtu ni makombo, hata mdomo uwe wa mfalme. Kwetu hata maji ya mtungi unayamimina kooni kwa mbali, midomo isiguse. Mtu akikupa alichokwisha kunywa, amekuhesabu pamoja na mbwa wa uani. Mama alikipokea chombo kwa adabu, akanigeukia, akaniambia kwa lugha yetu, sauti ile ile ya upole: kamwage, uoshe chombo, umrudishie. Nikafanya kama nilivyoambiwa. Sikwenda hata uani. Nilimwaga pale pale mlangoni, juu ya mawe meusi, nikaona maziwa yanatafuta njia yake kwenye matundu mpaka yakaisha. Nyirabahizi akatazama mpaka tone la mwisho. Akachukua chombo chake kabla hakijaoshwa, akasema maneno machache ya Kinyarwanda kwa sauti ya chini, akaenda. Cherehani ya Fundi Ramadhani ilikuwa imenyamaza. Nilimtazama. Akainamisha kichwa akatia uzi kwenye sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi.

Kesho yake maziwa hayakuja. Baba aliporudi alidhani mama wa watu ni mgonjwa, akatuma mtu. Jibu likaja kwamba ng'ombe wamekauka. Akatuma kwa mwingine, ng'ombe wamekauka. Akatuma mpaka Mudende huko juu, na huko nako wamekauka. Majani yalikuwa yanafika magotini, mvua kila siku, na hakuna ng'ombe hata mmoja mwenye maziwa. Mgeni ni kuku mweupe, kila akipita anaonekana. Sisi tulikuwa tumeonekana mpaka Mudende. Baba hakuelewa lolote. Mama hakumweleza habari ya chombo kile, kwa kuwa machoni pake yeye ndiye aliyetukanwa, na amesamehe. Kanu akawa ananyweshwa maji ya mchele kwa kijiko. Siku ya kwanza alilia. Siku ya tatu akawa analia bila machozi. Siku ya tano akaacha kulia, na nyumba ile ikawa na kimya cha kutisha. Mama alikaa naye mapajani, kidole amekiweka chini ya pua yake. Nami nilianza kuota yale maziwa yanavyoingia kwenye mawe, ingawa hakuna aliyenilaumu.

Siku ya sita akaja mke wa Fundi Ramadhani, Mama Hadija, mwanamke wa mjini mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya ziwa. Alikuja kuchukua kitambaa cha mumewe. Akamwona mtoto. Akakiweka kitambaa chini. Akamuuliza Baba huyu mtoto anakula nini, Baba akamwambia, na Mama Hadija akatoka barazani akamtolea mumewe maneno ambayo sitayaandika. Kumbe habari yote aliisikia sokoni siku ile ile nilipomwaga. Soko zima lilikuwa nayo. Yeye alidhani sisi tuna maziwa yetu mengine, ndiyo maana tunayachezea. Aliporudi ndani alimwelekea Baba.

"Bwana wa duka, mwambie mke wako. Huku mutu akikuletea kinywaji anatangulia kunywa, ili kama iko sumu, afe yeye. Ile ni heshima. Ninyi mkamwaga mbele ya macho yake. Unajua alisema nini mlangoni hapa? Alisema, leo nimeitwa mwuaji na mutoto mudogo."

Baba akatafsiri polepole. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kitu kimoja tu, na Baba akakigeuza Kiswahili: "Mimi nilidhani ameniita mbwa."

Mama Hadija alicheka, Mungu amrehemu, alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akafuta macho akauliza mwavuli uko wapi.

Twende Rugerero, wanawake na watoto tu; alisema mwanamume akija itakuwa biashara. Mama alikuwa hajawahi kwenda mbali na duka lile kwa miguu yake. Alichukua chupa ya chai tuliyosafiri nayo, akaijaza chai ya rangi yenye tangawizi, akachukua na kikombe chake cha shaba, akamfunga Kanu kifuani, tukaenda kwenye tope. Nguo zake nyepesi zikawa nzito. Mimi nilibeba chupa nikiomba safari isifike.

Nyirabahizi alitukaribisha, maana asingeweza kumfukuza mtu mwenye mtoto kwenye mvua. Lakini hakututazama. Akazungumza na Mama Hadija juu ya maharage yaliyoozeshwa na maji, juu ya ndama, juu ya mwana wake aliyekwenda Kongo kwenye migodi. Zikaisha habari. Ndipo Mama akachukua chupa, akamimina chai ndani ya kikombe kile cha shaba, akakitazama. Nilijua anachotaka kukifanya na nikaona haya kwa niaba yake. Akakipeleka mdomoni mwake. Shaba inashika moto kuliko chai yenyewe. Niliona midomo inaruka, na bado akameza. Akafuta ukingo kwa kiganja, jinsi alivyoonyeshwa mlangoni, akampa yule mama kwa mikono miwili. Katika maisha yake alikuwa hajampa kiumbe makombo yake.

Nyirabahizi alikiacha kikombe hewani muda mrefu. Kisha akakipokea.

"Hii chai iko moto," akasema kwa Kiswahili chake. "Sumu haina kazi hapa. Umejiunguza bure."

Akanywa. Mama Hadija akapumua kwa kelele. Nilidhani yamekwisha, ila yule mama, ingawa alikuwa ameona kwa macho yake, akauliza ni nani aliyemwaga maziwa. Mama akafungua mdomo kujibu, maana neno "maziwa" alikuwa amekwisha kulijua vizuri siku zile sita. Nikamtangulia nikasema ni mimi. Sijui nilipata wapi ujasiri; labda ni ule uzito wa mtoto asiyelia. Nyirabahizi akaingia ndani akatoka na chombo, huenda ni kile kile. Akanywa funda, akafuta, akanipa mimi, si Mama.

"Kunywa. Ukimaliza, ndipo huyu mudogo atakunywa."

Nikanywa. Moshi ulipanda puani, machozi yakanitoka, na niliona ukingo una joto la mdomo wake. Sikuacha kitu. Nilipomrudishia chombo alikigeuza juu chini, akatazama kama kuna tone, akatikisa kichwa kukubali. Kanu alinyweshwa mengine kwa kitambaa kilichochovywa, tone kwa tone, mpaka giza likakaribia. Alipolia, alilia kwa nguvu, na wale wanawake watatu wakashangilia kana kwamba wamesikia adhana ya kufungua.

Maji yakimwagika hayazoleki, ila ng'ombe akikamuliwa leo, kesho hukamuliwa tena. Maziwa yalikuja kila asubuhi kwa miaka. Mama aliendelea kuyachemsha jikoni mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu wafugaji wa siku zile hawakupenda maziwa yao yaguswe na moto, waliogopa ng'ombe atakauka kweli. Hilo hatukumwambia Nyirabahizi mpaka alipofariki. Kila jirani ana mlango mmoja anaoufunga, wala sioni kosa. Kanu sasa ni babu wa watu, ana kisukari, na ni mbishi.

Leo maziwa yanauzwa kwenye pakiti, yamezibwa, mdomo wa mtu haukukaribia. Ni safi zaidi, wala silii juu ya hilo. Pale Petite Barrière, mpakani na Goma, watu wanapita asubuhi mpaka jioni, wengi kuliko mji mzima wa wakati ule, na Wahindi wapya wanakuja kwa ndege, siku moja tu njiani, wana kazi na koti zito. Ninachokipima mimi ni kitu kingine. Fundi Ramadhani alikuwa mtu mwema. Alinifundisha kusema. Alijua siku ya kwanza kwa nini maziwa hayaji, akatia uzi kwenye sindano siku sita, kwa kuwa aliona si adabu kumkosoa mke wa mwenye baraza. Kuna watu wanapenda kusema asiyejua maana haambiwi maana. Msemo huo mimi siutaki, ulikaribia kumzika ndugu yangu.

Mwaka jana walihamia jirani zetu wapya, kijana na mke wake, wametoka kule kule tulikotoka sisi. Wiki ya kwanza mke alikaribishwa kwa watu, akaletewa kikombe ambacho mwenyeji alitangulia kukionja, akakirudisha kikiwa kimejaa, akafuta na mikono. Wajukuu wangu walikuja kunisimulia wakicheka, wamejikunja kwenye kochi. Niliwauliza kama kuna aliyemwambia. Wakasema hapana, Bibi, angejisikia vibaya. Nikazima televisheni. Nikawaambia wasimame wote, na baba yao pia, nikasema: mgeni akikosea mbele ya mtu wa nyumba hii, aambiwe papo hapo, kwa upole, kabla hajavuka kizingiti. Na atakayeleta kicheko hapa kabla ya kumwambia, hali chakula changu siku hiyo. Vaeni viatu, mwende sasa hivi.