Sidonie na Ng'ombe Asiyetulia

Kamera ya Sidonie ilikuwa na kasoro moja tu, kwa maoni yake: watu. Kamera yenyewe ni ya kidijitali, ya mtumba, lakini mbele yake alikuwa amefunga lensi ya chuma aliyoachiwa na baba yake, mpiga picha wa Uvira. Katikati kuna ringi ya kuunganishia, maana vitu hivyo viwili havikuumbwa kukutana. Kila ikiwashwa, kamera hulalamika kwamba haina lensi, na kila siku Sidonie huijibu kwamba inayo. Hakuna kinachojirekebisha chenyewe. Sharti aweke jicho kwenye kitundu, azungushe lensi kwa vidole mpaka kope za mtu zionekane moja moja, ndipo abonyeze.

Kwa hiyo pale Base Camp, kwenye soko la kambi ya wakimbizi, kwake unasimama mpaka shingo ikakamae. Na mwaka mzima sasa picha zilikuwa zikitoka na ukungu. Jibu lake lilikuwa moja: umetikisika. Bibi harusi katikisika, mchungaji katikisika, kwaya nzima imetikisika. Waliomshauri anunue lensi mpya aliwaambia ya kale ni dhahabu, akawaonyesha mlango.

Kisha akaja Musoni, mfugaji mpole kutoka milima ya juu ya Uvira. Mwanawe alitaka kuoa, na mjomba wa binti, Gatete, aliyehamia Kanada, alitaka kumwona ng'ombe wa mahari kabla ya kukubali. Musoni akamwosha Gaju, ng'ombe wake mwekundu, akamsimamisha nyuma ya soko. Sidonie akapiga picha saba. Zote saba zilionyesha kitu chekundu chenye pembe mbili, au nne.

"Muzee Musoni, ngombe yako haitulie," Sidonie akasema mbele ya watu.

"Mama, Gaju alisimama. Hata inzi ilimukaa ku macho, hakutikisika."

"Angesimama, picha ingekuwa muzuri."

Musoni si mtu wa kubishana na fundi. Akazituma. Jibu la Gatete likaja: ng'ombe anayetetemeka hivyo ni mgonjwa, au ni mkali, leteni mwingine. Musoni hakuwa na mwingine. Neno likazagaa, na Alhamisi asubuhi Sidonie akasikia kwamba jioni ile Gaju anauzwa kwa mchinjaji, ili apatikane ng'ombe asiye na sifa mbaya.

Akaacha chai mezani, akabeba kamera. Saa nne alikuwa mjini Mbarara, kwa Modeste, fundi wa kamera aliyemuuzia ile ringi.

"Ringi yako njo inaharibu," alimwambia kabla ya salamu.

Modeste akaipangusa lensi, akaimulika kwa tochi, akageukia mlango, akapiga picha ya bango ng'ambo ya barabara. Kwenye skrini hata misumari ya bango ilihesabika.

"Lensi ni muzima, mama. Unaangaliaka na jicho gani?"

"Ya kuume. Miaka makumi tatu."

"Funga ya kushoto, uangalie lile bango."

Akafunga. Bango likawa maziwa matupu. Sidonie akasema dukani mna giza. Modeste akamtoa nje. Akasema jua ni kali mno. Modeste akamwacha amalize sababu zake, kisha akamweleza juu ya mama yake mzazi, aliyekuwa na mtoto wa jicho, akatibiwa kwenye hospitali ya macho ya Ruharo.

"Banakutosha ile lensi ya ndani ya jicho, banakutia ingine mupya."

"Lensi mupya," Sidonie akarudia. Mwaka mzima alikuwa akifukuza watu kwa maneno hayo hayo. Alikasirika kweli kweli, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba hakuona wa kumkasirikia.

Njiani kurudi akapanga hila. Angempiga Gaju picha upya kwa jicho la kushoto, aseme leo ametulia. Nani angejua? Lakini ng'ombe aliyetulia leo ni ng'ombe aliyetetemeka jana, Gatete asingempokea. Na mpiga picha asiyeona, nani atampa harusi tena? Kazi nyingine hakuwa nayo, na shamba lake halikumlisha hata miezi mitatu. Alimlaani Gatete, akailaani Kanada yote.

Alimkuta Musoni sokoni, kamba mkononi, mchinjaji akimpapasa Gaju mgongoni na watu wamewazunguka.

"Muzee, usimuuzishe," Sidonie akasema. "Hakutikisika. Ni jicho yangu njo haione."

Mchinjaji akaondoa mkono. Kisha sauti ikatoka nyuma, ya Chantal, aliyeolewa mwezi uliopita: "Na miye, mama? Siku ya arusi?"

"Hata weye hukutikisika."

"Na kwaya?"

"Na kwaya."

Musoni akamkabidhi mchinjaji kamba ili mikono yake iwe huru. Akatoa simu, akaifuta kwa shati, akabonyeza pa kurekodia sauti, akaishika juu karibu na mdomo wa Sidonie.

"Sema tena, mama," akasema kwa upole. "Polepole, Gatete asikie. Anza na jina, useme na kazi unafanyaka."

Sidonie akatazama watu wote wale, wateja wake. Akaanza na jina.