Mpishi wa Hoteli ya Nyaishozi

Harufu ya saruji mbichi hunichekesha. Wajukuu hunishangaa: fundi anasakafia baraza, bibi yao anacheka peke yake. Wao sijawaambia, lakini ninyi nitawaeleza.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kwetu Isingiro, baada ya mavuno ya kahawa. Mama alikuwa amechuma, amepika, amelea, mpaka siku moja akaanguka shambani. Alipopata nafuu, Baba akaapa kumpeleka mahali ambako hatagusa kisu wala chungu. Kwa ndugu hapakufaa. Mwanamke akifika kwa mawifi zake, jasho la safari halijakauka, ameshakaa jikoni anamenya ndizi. Ndipo Baba akachagua hoteli mpya pale Nyaishozi, ambako hatukuwa na ndugu hata mmoja.

Shuleni niliringa wiki nzima. Mimi, Koku, nitalalia kitanda cha springi!

Tulifika juu ya lori la kahawa, vumbi hadi kwenye kope. Hoteli yenyewe, jamani! Saruji ilikuwa bado inanuka unyevu. Sakafu tupu, hawakutandika nyasi hata kidogo, kama kwetu watu wafanyavyo wakingoja wageni. Springi sikuziona. Kitanda kilikuwa cha miti, na godoro la majani makavu ya migomba lililopiga kelele kila ulipogeuka. Mdogo wangu Projestus akauliza kama ng'ombe nao hulala humu. Mimi nililia kwa uchungu.

Mwenye hoteli, bwana mmoja wa Muleba mwenye maneno matamu, akaja akisugua mikono.

"Mpishi amekwenda msibani, mzee wangu. Lakini ndizi zipo, maharage yapo, kuni zipo. Mama si yupo?"

Mama akaanza kufunga kanga kiunoni. Baba akamshika bega.

"Mama Koku, kaa."

"Baba Koku, watoto watakula nini?"

"Nimesema kaa."

Akatuingiza sote jikoni, akafunga mlango, akaketi kwenye kigoda, akaanza kumenya. Kwetu mwanamume kumenya ndizi lilikuwa jambo la kuchekwa hadi kilabuni. Baba alimenya kama anayechonga mpini wa jembe, nusu ya ndizi ikaenda na maganda. Utomvu ukamjaa mpaka viwikoni. Mama, miguu kainyoosha mkekani, alicheka hadi akashika mbavu.

"Hiyo umemenya au umeiadhibu?"

Tangu aanguke sikuwa nimemsikia akicheka, na mimi nikasahau springi zangu. Maharage yaliungua chini, juu yakabaki magumu. Tulikula yote.

Nyumbani Baba alitembea siku kadhaa mikono mfukoni, kwa sababu weusi wa utomvu uligoma kutoka. Majirani wakaja kusikia habari za hoteli. Nilikuwa tayari kuyamwaga yote, kitanda, sakafu na harufu. Mama akaniwahi.

"Hoteli nzuri sana," akawaambia. "Na mpishi wao! Sijawahi kula chakula kama kile."

Baba akatazama nje. Mimi nilikasirika. Mama aliyetuchapa tukisema uongo, leo anawadanganya watu mchana kweupe! Ilinibidi niolewe, nipike miaka mingi bila mtu kuniambia kaa, ndipo nikajua kwamba siku ile Mama hakusema hata neno moja la uongo.