Kuhani Nje ya Lango

Watu wa Basel waliompelekea Selma Katz mapazia yao ya kushona walimjua kama mwanamke asiyeinua sauti. Wangeshangaa kumsikia kila Septemba, mwaka mpya wa Kiyahudi ukikaribia, akipiga kelele katikati ya makaburi ya kijiji kimoja cha Alsace, ng'ambo ya mpaka.

Alipiga kelele kwa sababu baba yake alikuwa nje. Mzee Armand alikuwa wa ukoo wa makuhani, kama baba yake na babu zake, na kuhani hakanyagi makaburini, hata kama hekalu halipo tena na yeye maisha yake yote ameuza viatu. Basi alisimama barabarani, mbele ya lango, kofia kichwani, naye binti yake akaingia kumtafutia kaburi la mama yake.

Mama huyo, Rosalie, alifariki Armand akiwa na miaka minne. Kumzika mama yake kuhani anaruhusiwa. Ndiyo siku pekee ambayo Armand angeweza kumsindikiza mpaka ndani. Lakini nani humpeleka mtoto mdogo hivyo kaburini? Aliachwa barabarani na jirani Mkristo, mwanamke aliyemshika mkono na kumchumia plamu. Aliikumbuka ile plamu. Alikumbuka kofia nyeusi zikipita juu ya ukuta, na udongo ukianguka karibu sana, kama mtu anayemwaga viazi chumba cha pili. Baadaye baba yake alioa tena, wakahamia Basel, vita vikaja, na watu waliopajua mahali pale wakaisha. Sasa uzeeni Armand alitaka jambo moja tu: kabla hajafa, asimame karibu na mama yake kadiri kuhani anavyoruhusiwa, amsomee sala.

"Unaona nini?" aliuliza kutoka langoni.

"Bloch, Baba."

"Tena? Hao akina Bloch hawakuwa na kazi nyingine ila kufa?"

"Huyu ana maandishi mazuri."

"Mwache na maandishi yake. Endelea, binti."

Mawe yale mekundu yalikuwa yamelambwa na mvua. Selma alikwenda na ndoo na brashi laini. Alilowesha jiwe, akafumba macho, akafuata herufi kwa kidole. Walikuwa wameanza na safu ya kando ya barabara, maana pembeni ndiko huzikwa jamaa za makuhani, ili walio hai wasimame nje na bado wawe karibu nao. Rosalie hakuwamo. Wakadhani jiwe lilivunjwa au lilihamishwa, na Selma akazidi kuingia ndani, mwaka huu safu hizi, mwaka ujao zile.

Ufunguo wa lango ulitunzwa na Odile, mjane wa nyumba ya pili.

"Bado?" alikuwa akiuliza wanapomrudishia.

"Bado."

"Ingia mwenyewe umwite, mzee. Mama hawezi kumnyima mwanawe jibu."

"Nitaingia, Odile. Ila nikiingia mimi, sitoki."

Walicheka, na mwaka uliofuata walicheka tena. Armand alikuwa na kokoto moja ya kando ya mto Rhine, ambayo Selma angeiweka juu ya jiwe la Rosalie, kama ilivyo desturi ya Wayahudi. Kila mara aliirudisha, naye mzee akaitia mfukoni mwa koti.

Makaburi yale yanashuka mteremko, na chini kabisa kuna pembe iliyomezwa na miiba. Mwaka mmoja Selma alishuka huko kuangalia. Hakukaa sana, lakini aliporudi alimkuta baba yake ameangusha fimbo, mguu mmoja uko ndani ya lango. Tangu amzike mkewe hakuwahi kukanyaga makaburini.

"Nilikuita," alisema. "Nilikuita, hukujibu."

Selma aliinama, akauondoa ule mguu ndani taratibu, kama mtu anayemvua mtoto kiatu. Kuanzia siku hiyo hakwenda tena mahali ambapo sauti yake haifiki. Alipofika penye mteremko, aligeuka.

Armand alifariki mwezi wa Februari. Walimzika Basel, kando ya njia, kama wanavyozikwa makuhani.

Septemba Selma alivuka mpaka peke yake. Odile alimtazama, kisha akatazama nyuma yake, kwenye gari tupu.

"Mzee?"

"Februari."

Odile alifuta mikono kwenye aproni, akafuta tena. "Sasa nani atakuuliza unaona nini?"

Ndani, Selma alisoma jiwe la kwanza akasubiri, kisha akakumbuka kwamba hakuna anayengoja jibu. Hakukuwa na haja ya kugeuka. Akashuka mteremko.

Aliikata miiba kwa mkasi wake wa kazi. Nyuma ya miiba palikuwa na jiwe dogo lililoegemea ukuta mfupi. Akalilowesha, akafumba macho. Kidole kilisoma: Rosalie, mke wa Leopold Katz, kuhani.

"Nimempata, Baba," alisema kwa sauti ileile ya kila mwaka, kabla hajajizuia.

Kisha aliinua uso, akatazama ng'ambo ya ukuta. Palikuwa na njia ya majani, na mawe ya barabara ya zamani yakichungulia kwenye nyasi. Kando yake ilisimama mistari miwili ya miplamu mizee, matunda yamedondoka chini yanaoza.

Alitoa mfukoni ile kokoto ya baba yake, akaiweka juu ya jiwe. Akapanda ukuta, akatua upande wa pili, akasimama pale ambapo baba yake angesimama. Zilikuwa hatua mbili tatu tu. Alisoma sala yote. Halafu akachuchumaa mpaka akawa kimo cha mtoto wa miaka minne, na jiwe likapotea. Ukabaki ukuta, na mbingu juu yake. Alikaa hivyo muda mrefu.

Alipopeleka ufunguo, jua lilikuwa limeshaelekea magharibi.

"Ile njia ya chini," alimuuliza Odile.

"Ile? Ndiyo ilikuwa barabara. Hii ya langoni ilichongwa baada ya vita." Odile alimkazia macho. "Kwa nini hamkuniuliza?"

"Hatukujua kwamba kuna la kuuliza."

Odile aliupokea ufunguo. "Ulinitia hofu, Selma. Nilikuja langoni nikakuita. Nilikuita sana, hukujibu."

"Kule chini," Selma alisema, "sauti haifiki."