Taa Nyekundu Uani

Kila alasiri, kutoka dirisha la jikoni mwake, Glenys humwona jirani yake, daktari wa meno mstaafu, akiingia uani na kofia ya mkuu wa stesheni. Treni yake ndogo, inayozunguka humo kwenye reli zake, haifiki gotini, lakini ina moto wa kweli, moshi wa kweli na ratiba isiyo na mchezo. Huisugua kwa mswaki, taratibu, huku akiinong'oneza: "Tulia, mpenzi, tulia." Wagonjwa wake hawakuwahi kuisikia sauti hiyo. Mkewe Muriel naye haijui; yeye hupuliziwa filimbi tu. Kamba ya nguo na lango la kutokea viko ng'ambo ya reli, na taa ya reli ikiwa nyekundu, mtu havuki, hata mvua ikizirudia nguo zilizokwisha kukauka.

Jumamosi moja, mvua ikinyesha, Muriel alitoka na sanduku. "Naenda kwa dada yangu. Na sirudi!"

"Sawa, mke wangu, lakini subiri kwanza," alijibu mzee, macho kwenye saa. "Treni inakuja."

Reli yenyewe ilikuwa chini ya kifundo cha mguu. "Iruke, shoga yangu! Iruke!" Glenys alipiga kelele nyuma ya kioo. Muriel akatua sanduku, akasimama, akalowa chapachapa, mpaka behewa la mwisho likapita tupu na taa ikawa kijani. Ndipo akavuka, akaenda zake.

Mzee akaiinamia treni, akaifuta matone ya mvua kwa leso. "Umewaona abiria wa siku hizi, mpenzi? Hawana subira kabisa."