Soksi Katika Chupa ya Babu

Watu wengine wakisikia harufu ya sabuni ya mche, ile ya buluu, wanafikiria usafi. Mimi nafikiria kosa langu. Kwa nje natabasamu, maana mcheshi wa darasa haruhusiwi kukaa na sura ya msiba. Nawaambia nyinyi tu. Walimu wangu wasisikie.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikaa Kashojwa, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mimi, mdogo wangu Neema na Koko, ndivyo tunavyomwita bibi yetu. Koko alikuwa na chupa tano za jamu. Ndani hamkuwa na jamu, nilihakikisha mapema. Moja ilikuwa na mafuta ya mawese, nyingine ndagala, dagaa wakavu wa ziwani, ya tatu muhogo uliolowekwa mpaka ukachacha, ya nne mchaichai. Jumapili baada ya ibada majirani walikuja, wakafungwa macho kwa leso na kunusishwa chupa moja, na kila mmoja lazima aseme alichokumbuka kabla Koko hajasimulia chake. Nimeona Mrundi mmoja, mwanaume mzima mwenye sauti ya ngoma, akilia mbele ya muhogo. Sisi watoto tulicheka mpaka tukafukuzwa.

Chupa ya tano haikufunguliwa hovyo. Humo mlikuwa na kipande cha shati la Babu, aliyekausha samaki kwa moshi kando ya Ziwa Tanganyika na ambaye hakufika nasi Uganda.

"Usifungue-fungue," Koko alisema. "Harufu iko na miguu."

Basi mwalimu mmoja wa sanaa kutoka Mbarara akazinusa chupa zote, akamwalika Koko azionyeshe ukumbini mjini, kama wengine wanavyoonyesha picha za kuchora. Koko akashonesha gauni jipya. Mimi nikashona mpango. Asubuhi ya safari nilitoa kitambaa cha Babu, nikatumbukiza soksi yangu ya kuchezea mpira, ambayo haikuwa imeona maji tangu muhula uanze. Kitambaa ningekirudisha jioni. Tena kwa kuwa kilikuwa cheusi kwa moshi, nikaona nimfanyie Koko hisani. Nikakifua, nikakianika.

Ukumbini, mzee mmoja mwenye tai alifungwa macho, akainamia chupa ya tano, kisha akaruka nyuma.

"Banange! Hiki kimekufa lini?"

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko, changu kikiongoza. Koko akainusa ile chupa. Akanitazama usoni, halafu miguuni.

"Bantu ba Mbarara, musiogope," akasema. "Hii ni harufu ya mujukuu wangu. Na yeye ni wa kwetu."

Wakapiga makofi. Nikadhani nimeshinda.

Tulipofika nyumbani hakuvua hata viatu.

"Kitambaa ya babu yako iko wapi?"

"Kwa kamba, Koko. Nilifula."

"Na sabuni?"

"Mingi."

Akakianua, akakiweka usoni, akakaa hivyo muda mrefu, kama mtu anayesikiliza mlango. Nilisubiri fimbo. Ningeipenda ile fimbo.

"Merci, mutoto yangu," akasema, akaingia ndani.

Jumapili iliyofuata chupa zilikuwa nne. Miaka imepita ndipo nimeelewa: wengine walipokimbia na magodoro na masufuria, Koko alikimbia na mumewe. Akamfikisha salama, mpaka kwenye beseni langu.

Juzi Neema, aliyezaliwa hukuhuku Nakivale, aliniuliza Babu alinukaje.

"Weye ulimunusaka. Sema basi."

Nikamwambia moshi, samaki, na tumbaku kidogo. Akafumba macho, akavuta pumzi, akaamini. Tumbaku niliitunga. Na hayo mengine niliyasikia kwa Koko tu, kwa sababu siku aliyoniita mbele ya wenzangu, akanifunga leso na kunisogezea ile chupa ya Babu, nilibana pua kwa vidole viwili ili wacheke.

Wakacheka sana.