Nilivyomfuta Mama Mdogo

Kila Jumatatu saa tatu asubuhi, ofisini kwetu Kilifi, tulivua viatu, tukaketi kwenye mkeka, na mmoja wetu akaeleza kitu kilichomuumiza utotoni. Tuliuita mduara. Katikati ya mkeka paliwekwa boksi la tishu, na aliyekuwa karibu nalo ndiye aliyepaswa kumsogezea msemaji machozi yakianza. Hakuna aliyelazimishwa kusema. Maneno hayo yalirudiwa kila wiki, na kadiri yalivyorudiwa ndivyo nilivyozidi kuhesabu Jumatatu ambazo mimi nilinyamaza.

Shirika letu lilishughulika na afya ya akili vijijini. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa upande wa Ganze, kuyaandika kwa Kigiriama kama yalivyosemwa, kisha kuyatafsiri. Mkataba wangu ulikuwa wa miezi sita na ulikuwa ukingoni. Wenzangu wote walikuwa na shahada, wengine mbili. Mimi niliishia kidato cha nne. Kiingereza nilijifunza mwenyewe, kwa simu na kwa vitabu vilivyokwishatumika nilivyokuwa nikinunua Malindi, nikiandika kila neno jipya mara kumi kwenye daftari. Kwa hiyo niliogopa kosa kuliko nyoka. Mtu akikohoa kwenye rekodi, niliandika kwamba amekohoa. Jogoo akiwika, niliandika jogoo. Usiku nililala nikiwaza kama nimeweka koma mahali pake.

Jumatatu yangu ya kwanza sikujua kama nivue viatu niketi, au nimsaidie dada wa usafi kupanga vikombe vya chai ya mchaichai. Yeye hakuwahi kuitwa mkekani. Bawabu vilevile. Nilisimama mlangoni, kiatu kimoja mkononi, mpaka mkurugenzi akapiga mkeka kwa kiganja kunionyesha nafasi kando yake.

Alikuwa mwanamke mpole, amelelewa Nairobi na kusoma ng'ambo, na siku hiyo zamu ilikuwa yake. Alisimulia jinsi dereva wa kwao alivyosahau kumchukua shuleni, akakaa getini hadi giza likaingia. Alilia kweli. Sikumcheka, na nataka hilo lieleweke: mtoto aliyesahauliwa amesahauliwa, hata kama aliyemsahau alikuwa analipwa mshahara. Lakini huku nikimsogezea tishu, kichwa changu kilikuwa kinahesabu chenyewe. Dereva. Gari. Shule yenye geti.

Tangu siku hiyo nikaanza kutafuta jeraha langu, kama mtu anayepekua mkoba kutafuta kitambulisho benki huku foleni nyuma yake inasonga. Shida nilikuwa nazo tele, ila hazikufanana na zao. Njaa yetu ilikuwa ya kijiji kizima. Maji tuliyafuata mbali, lakini tulikwenda kundi la wasichana tukisengenya njia nzima. Niligundua kwamba mkekani watu waliumia wakiwa peke yao. Mimi nililelewa Vitengeni, na sikumbuki kuwa peke yangu hata chooni.

Hatimaye nikapata zile siku tatu. Nilikuwa na miaka minane. Mama alikwenda msituni kuchoma makaa, na tanuri la makaa haliachwi likiwaka, kwa hiyo alilala hukohuko siku zote tatu. Aliniacha nyumbani na mdogo wangu aliyekuwa bado anatambaa. Hayo ni kweli. Kweli nyingine ni kwamba hatukulala wenyewe. Baba alikuwa na wake wawili, na yule wa pili, ninayemwita mama mdogo, alihamia chumbani kwetu siku zote hizo. Alitandika karibu na mlango, akakoroma hadi mtoto akaamka.

Niliandika kisa hicho kwenye daftari mara tano. Katika nakala ya kwanza mama mdogo yumo na mkoromo wake. Katika ya pili anapita tu kutuangalia. Katika ya nne hayupo. Sikumfuta kwa ubaya. Nilimfuta kama ninavyofuta neno lisilo na kazi katika sentensi, na kisa kikakaa sawa: mtoto, mtoto mwingine, mlango, giza. Nilikisoma kwa sauti na kujisikia fahari, kisha nikajisikia kichefuchefu. Nikadhani kichefuchefu ndicho dalili kwamba nimefika penyewe.

Nilikisema Jumatatu iliyofuata. Boksi lilinijia kutoka pande mbili. Mkurugenzi alinishika mkono, na mchana huo, kwa mara ya kwanza, wenzangu waliniita tukale pamoja. Nilikula samaki bila kusikia ladha yake. Mmoja wao akaniambia nina ujasiri. Nikamshukuru.

Wiki mbili baadaye mkurugenzi akaniita. Aliniambia mkataba wangu utazungumzwa mwisho wa mwezi. Halafu akasema angependa kwenda Vitengeni kumrekodi mama yangu nami, mama na binti wakilitazama jeraha lao pamoja, na maneno yetu yafungue ripoti ya mwaka. Nilitaka kukataa. Lakini kukataa kungeonekana ni woga, na woga ungehitaji Jumatatu nyingine. Nikasema sawa.

Mama sikumwambia ukweli. Nilimpigia simu nikasema wageni wa kazini watakuja, watauliza mambo ya zamani. Yeye akauliza kama wageni hao wanakula kuku.

Kuku alichinjwa, na mkurugenzi hali nyama. Mama mdogo aliuliza, bila kushusha sauti, kama mgeni anaumwa. Nilijibu kwamba ndivyo alivyozoea. Akasema basi maskini, akamletea maembe. Tuliketi kivulini nyuma ya nyumba, kinasa sauti juu ya kigoda. Mama mdogo alikaa hatua chache nyuma ya mama, ungo mapajani, akichambua majani ya mboga ya mchunga. Mkurugenzi akazungumza kwa Kiswahili chake cha darasani, polepole, kwa heshima.

"Mama, binti yako ametueleza juu ya zile siku tatu ulizomwacha peke yake na mtoto mchanga. Hatukuja kukulaumu. Tungependa kusikia wewe ulijisikiaje."

Mikono ya mama mdogo ilisimama juu ya ungo. Mama alinitazama. Mimi nilitazama kigoda. Nilijua kwamba sentensi moja ya mama ingenimaliza, na nilijua pia kwamba nilistahili.

Kisha nikaiona ile sura usoni mwake, na nikaikumbuka. Wakati wa ukame, watu wa chakula cha msaada walipokuja kuandika majina, mama na mama mdogo waliamka alfajiri wakahamisha mbuzi kichakani, wakatuvisha nguo zilizochanika, wakaketi mlangoni kungoja. Walipoulizwa wana nini, walijibu hawana kitu. Nyumbani hatukuuita uongo. Ndivyo anavyojibiwa mtu mwenye kalamu.

"Ni kweli," mama akasema. "Niliwaacha peke yao. Sikuwa mama mzuri siku hizo."

Mkurugenzi alifuta macho. Mama mdogo akasema jambo kwa Kigiriama, kwa sauti ya chini, akainuka na ungo wake kwenda jikoni. Sikugeuka.

Tulipoondoka, mama alinisindikiza mpaka kwenye gari. Akanisogelea sikioni.

"Wameandika?"

"Wameandika."

"Basi," akasema, akanipa mfuko wa maembe.

Njia nzima mpaka Kilifi neno hilo lilinikaa kifuani. Mama yangu, ambaye akisikia mtoto wa jirani analia huacha chungu motoni, alikuwa amejiita mama mbaya mbele ya wageni, kwa sababu alidhani ndiyo bei ya kazi yangu. Na alidhani sawasawa.

Rekodi iliniangukia mimi, maana hapakuwa na mwingine wa kuiandika. Niliianza Jumatano mchana nikiwa nimevaa vile visikizio vikubwa vya ofisi. Nyuma tu ya sauti ya mama nikamsikia mama mdogo, wazi kabisa, akisema kwa Kigiriama: na mimi niliyelala nao nilikuwa nani, paka?

Niliirudisha mara nyingi nisizozihesabu. Kuna maneno tunayoruhusiwa kuandika pale ambapo rekodi ni mbovu: sauti haisikiki. Mkurugenzi hajui Kigiriama. Wenzangu hawajui. Ningeandika maneno hayo mawili, nikapata mkataba, na mama angebaki kwenye ripoti hiyo kama alivyojisema, akisomwa na watu asiowajua. Nikiandika ya kweli, mwongo ni mimi. Lakini mimi ni mtu anayeandika kikohozi na jogoo. Niliandika swali lake lote, nikaweka tafsiri chini yake, nikalituma faili kabla sijapata nafasi ya kulihakiki. Sijawahi kutuma kitu bila kukihakiki, kabla ya hapo wala baadaye.

Mkurugenzi aliniita kesho yake. Nilimweleza kila kitu, hata nikamletea daftari aone nakala zote tano, mama mdogo akififia ukurasa kwa ukurasa. Alisikiliza, kichwa kimeinama upande.

"Usijiite mwongo," aliniambia. "Mtoto aliyeumia huwafuta watu. Hii nayo ni dalili."

Nilimwambia sikuumia, nilihariri. Akasema ataondoa sehemu ya mama kwenye ripoti mpaka nitakapokuwa tayari. Kwa hilo nilimshukuru kwa moyo wote. Kisha akanisogezea boksi la tishu, na karatasi za mkataba wa miaka miwili. Nilitia sahihi. Ningetaka kusema nilikataa, lakini nilitia sahihi. Ila nilikuwa nimetamani nigombezwe. Kama yeye ndiye angesema uongo, angehesabiwa amekosa na angeomba radhi. Mimi nilisema uongo nikapewa pole.

Jumamosi nikaenda Vitengeni. Mama mdogo alikuwa mlangoni akipukuchua mahindi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua macho. Nikamweleza yote tangu mkeka mpaka mkataba. Alipukuchua muhindi mzima kabla ya kujibu.

"Wakati wa ukame tulificha mbuzi," akasema. "Kila aliyeficha mbuzi alipata gunia. Sasa safari hii mbuzi nilikuwa mimi. Gunia langu liko wapi?"

Ndani ya nyumba mama alicheka, kisha akanyamaza ghafla kama aliyejiziba mdomo. Nikamwambia mama mdogo kwamba nitarudi mkekani niwaambie wenzangu ukweli.

"Si wamekwambia wewe mgonjwa? Watakusikia?"

"Nitasema hata hivyo."

"Basi sema sawasawa. Waambie nilikuwepo. Na waambie nilikoroma, maana mtu wa kubuni hakoromi."

Akanitupia muhindi nimsaidie.

Jumatatu niliomba zamu. Daftari niliacha nyumbani, na mikono haikujua pa kukaa bila daftari. Nikasema chumbani tulikuwa watatu. Nikasema mama mdogo alilala kati yetu na mlango, akakoroma hadi mtoto akaamka, akambembeleza, akalala tena, akakoroma tena, na kwamba sikuogopa hata kidogo. Nikaishia hapo. Wenzangu waliendelea kunitazama kwa huruma, wakingoja sehemu inayouma. Mmoja alikwishashika boksi.

Dada wa usafi alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai.

"Mama mdogo wa kwetu alisaga meno usingizini," akasema. "Mpaka mbwa anabweka."

Nilicheka mimi peke yangu, kwa sauti iliyonitisha. Mkurugenzi alimtazama yeye, kisha akanitazama mimi, na yule mwenye boksi akabaki nalo hewani, hajui ampe nani.